Tafiti mpya za magonjwa ya ndani: kabla hujabadili dawa, angalia waliotafitiwa ni wagonjwa gani

#1 Daktari wa Wodi

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa madaktari, matabibu, intan (madaktari walio kwenye mafunzo kazini) na wafamasia wanaohudumia watu wazima. Kama wewe ni mgonjwa karibu usome, ila usiache wala kubadili dawa yako kwa sababu ya yaliyoandikwa humu. Maswali yako mpelekee daktari anayekutibu.

Kila mwaka miongozo mipya inatoka Ulaya na Marekani. Tunaishusha kwenye simu, na kesho yake kwenye raundi mtu anasema "siku hizi hiyo haitumiki tena". Mara nyingi yuko sahihi. Lakini miaka ya karibuni zimefanyika tafiti kubwa kadhaa kwenye wodi na kliniki za Afrika, na baadhi ya majibu yake yamepishana na yale tuliyozoea kuyapokea kutoka nje. Upo utafiti ulioonyesha dawa mpya ya bei kubwa ikishindwa na ya zamani. Upo mwingine ulioonyesha matibabu yaliyosifiwa kwingine yakiongeza vifo kwetu. Ninachosema ni hiki: kabla hujabadili unachoandika kwenye faili, uliza wagonjwa wa utafiti huo walikuwa na umri gani, walikuwa na ugonjwa gani mwingine, na wodi yao ilikuwa na vifaa gani.

Nianze na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana hapo ndipo watu wanateleza zaidi.

Rivaroksabani, apiksabani na dawa nyingine za kundi lao zimechukua nafasi ya warfarini kwa wagonjwa wengi wa AF, yaani moyo unaopiga bila mpangilio. Kwenye tafiti zilizozipa jina, mgonjwa wa kawaida ni mzee wa miaka 70 na ushee mwenye presha, valvu zake nzima. Sisi AF tunaikuta sana kwa mama wa miaka 35 ambaye valvu yake ya mitrali imebana kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni. Mama huyo hakuruhusiwa kuingia kwenye tafiti zile. Tulichokuwa tunafanya ni kuchukua jibu la yule mzee na kumpa yeye.

Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa INVICTUS. Wagonjwa zaidi ya 4,500 wa AF yenye ugonjwa wa valvu wa rumatiki, kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wastani wa umri miaka 50, karibu robo tatu wanawake. Nusu walipewa rivaroksabani, nusu warfarini au dawa ya kundi lake. Matarajio ya wengi yalikuwa kwamba rivaroksabani itakuwa angalau sawa. Waliokufa upande wa rivaroksabani walikuwa 552, upande wa warfarini 442. Kiharusi kilikuwa 90 kwa 65. Kutokwa damu kwa hatari hakukuwa na tofauti ya kutegemewa.

Na tusidhani INR zao (kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda) zilikuwa nzuri. Wakati wa kuanza, ni kama theluthi moja tu waliokuwa kati ya 2 na 3. Baadaye wakafika asilimia 56 hadi 65. Hata kwa INR za namna hiyo warfarini ilishinda. Kinachofikirisha ni kwamba vifo vilivyopungua vilikuwa hasa vya ghafla na vya moyo kushindwa kazi, si vya kiharusi. Wapo wanaoona kwamba kuonana na mhudumu mara kwa mara kwa ajili ya INR kulisaidia, maana anayekuja kupimwa damu anaonekana pia miguu ikivimba.

Kwa hiyo AF pamoja na valvu ya mitrali iliyobana kiasi cha kati au zaidi, andika warfarini. Valvu ya chuma, warfarini. AF kwa mtu mwenye presha ambaye eko yake (picha ya moyo) haina tatizo la valvu, dawa mpya ni sawa kabisa kama anaimudu gharama mwezi hadi mwezi.

Najua jibu litakalokuja. Fungua daftari la kliniki la mgonjwa wa warfarini: safu ya tarehe, safu ya INR, safu ya dozi. Safu ya katikati mara nyingi ni "kitendanishi hakuna", "arudi wiki ijayo", au mstari mtupu, na pembeni yake 5 mg inajirudia mwezi baada ya mwezi bila mtu kujua damu ikoje. Ni hoja ya kweli. Ila baada ya INVICTUS, suluhisho la daftari hilo ni kupata kipimo. Kubadilisha dawa kwa sababu kipimo hakipo ni kumpeleka mgonjwa kwenye kundi lililokufa zaidi.

Naendelea na mengine chini. Changieni.

#2 Tabibu wa Zamu

Nakaa hapa. Mkuu endelea, huku kwetu kituo cha afya tunasoma kwa faida.

#3 Mama Kliniki

Asante sana dokta. Niongezee la chakula, maana kliniki wanawake wanaambiwa "usile mboga za majani" halafu wanakuja na upungufu wa damu. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K, lakini tatizo ni kula leo sahani mbili na wiki ijayo hakuna. Mwambieni ale kiasi kile kile kila siku, dozi tutaipanga kufuatana na chakula chake.

Na kwenye kila dawa inayoandikwa OPD (kwa wagonjwa wa nje), mtu aulize kwanza kama mgonjwa yuko kwenye warfarini. Metronidazoli, septrini na flukonazoli zinapandisha INR haraka. Anakuja na fangasi, anapewa flukonazoli, baada ya siku chache anatokwa damu puani na kwenye mkojo.

#4 Daktari wa Wodi

Dada umemaliza. Hilo la septrini liangaliwe zaidi kwa wanaoishi na VVU, maana wengi wanaimeza kila siku. Mradi ipo siku zote, dozi ya warfarini itajipanga juu yake. Hatari ni siku inapoanzishwa na siku inaposimamishwa.

Sasa presha, kwa kifupi maana haina utata mkubwa. CREOLE, mwaka 2019, wagonjwa 728 weusi kutoka nchi sita: Kenya, Uganda, Msumbiji, Nigeria, Kameruni na Afrika Kusini. Walilinganisha dawa mbili mbili, wakapima presha kwa mashine inayovaliwa saa 24. Amlodipini pamoja na haidroklorothiazidi, na amlodipini pamoja na perindoprili, zilishusha zaidi ya perindoprili pamoja na haidroklorothiazidi, tofauti kama 3 mmHg. Maana yake mgonjwa wetu anayeanza dawa mbili, amlodipini iwe mojawapo, isipokuwa kuna sababu ya kuikwepa. Na aanze nazo mbili. Mwongozo wa WHO wa 2021 unapendekeza hivyo kwa wengi, ikiwezekana kwenye kidonge kimoja. Desturi ya kuanza kidonge kimoja na kumwambia arudi baada ya mwezi inawachosha watu. Wakiona nauli inaisha na presha bado iko 170, wanaacha kuja.

#5 Daktari wa Wodi

Hapa kwenye maji ya dripu nitakaa zaidi kidogo, kwa sababu ni jambo linaloamuliwa usiku, na anayeliamua mara nyingi ni intan akiwa peke yake.

Tulifundishwa kwamba mgonjwa wa sepsis (maambukizi makali yanayodhuru viungo vya mwili) mwenye presha ya chini apewe maji mengi na mapema, 30 ml kwa kila kilo, haraka. Mafundisho hayo yana mizizi kwenye utafiti wa Marekani wa 2001, uliofanyika hospitali yenye ICU, mashine za kupumulia na watu wa kukaa na mgonjwa dakika kwa dakika.

Mwaka 2011 ulitoka FEAST. Watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, Kenya, Uganda na Tanzania. Waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi: ndani ya saa 48 karibu watoto 10 na nusu katika kila 100, wakati wasiopewa maji ya haraka ni 7 na kidogo. Watu wa wodi za watu wazima tukasema hao ni watoto, wana malaria na upungufu wa damu, kwetu ni tofauti.

Halafu mwaka 2017 ukaja utafiti wa Lusaka, Zambia, kwenye hospitali ya chuo kikuu pale. Watu wazima 209 wenye sepsis na presha ya chini, karibu tisa katika kila kumi wana VVU. Kundi moja lilitibiwa kwa protokali: maji mapema na kwa wingi, dawa ya kupandisha presha, na damu kwa waliopungukiwa sana. Kundi lingine lilitibiwa kama daktari wa wodi alivyoona inafaa. Ndani ya saa sita kundi la protokali lilipata lita 3.5, lile lingine lita 2. Waliokufa hospitalini: asilimia 48 kwenye protokali, asilimia 33 kwenye matibabu ya kawaida.

Isomeni tena hiyo. Nia njema, maji yapo, dawa zipo, protokali inafuatwa, na vifo vinapanda.

Mimi naielewa hivi: mgonjwa wetu wa sepsis mara nyingi ana TB iliyosambaa, hemoglobini iko chini, albumini iko chini, amekonda miezi mingi. Maji unayompa hayakai ndani ya mishipa. Yanahamia kwenye mapafu, na mapafu yakishajaa huna mashine ya kumpumulia. Mgonjwa wa kule utafiti wa 2001 ulikofanyika, akizidiwa na maji alikuwa na pa kupelekwa.

Ninavyofanya, na ninavyowaelekeza intan: ning'iniza chupa ya mililita 500, ikae ndani ya dakika 30 hivi. Ikiisha usiunganishe nyingine ukiwa kwenye kiti cha nesi. Nenda kitandani. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, weka oksimita, mkalishe umsikilize chini ya mapafu nyuma, tazama mshipa wa shingo, bonyeza kucha uone damu inarudi baada ya muda gani, angalia mkojo kwenye mfuko. Kama pumzi zilikuwa 24 na sasa ni 34, au oksijeni ilikuwa 95 sasa 89, au umeanza kusikia mchakacho chini ya mapafu, simama hapo hata kama presha bado ni 85. Kinachofuata ni noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, kwenye mshipa mzuri wa mkono, na simu kwa bosi wako. Antibayotiki iwe imeshaingia kabla ya mabishano yote haya.

Mwongozo wa kimataifa wa sepsis wa 2021 nao umelegeza ile 30 ml kwa kilo kutoka amri ikawa pendekezo hafifu. Na mtu asinielewe vibaya: mgonjwa wa kipindupindu au aliyeharisha na kutapika siku mbili anahitaji maji, mengi, upesi. Huyo amepoteza maji kweli.

#6 Intan Mwaka Huu

Shikamoo dokta. Hii ya kwenda kitandani kila chupa nimeielewa. Swali langu ni la kriptokokasi, fangasi wa uti wa mgongo kwa wenye VVU. Nimekuta wodini wanasema amfoterisini (dawa yake ya mshipa) siku saba, mwingine anasema dozi moja tu. Ipi sahihi?

#7 Daktari wa Wodi

Marahaba. Dozi moja, lakini ni ile ya lipidi (liposomal) tu. Ukiichanganya na ile ya kawaida utaua mtu, kwa hiyo soma kichupa kabla ya kuandika.

Utafiti ni AMBITION, 2022, nchi tano: Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Wagonjwa wa VVU wenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi. Kundi moja lilipata amfoterisini B ya lipidi mara moja tu, 10 mg kwa kilo, pamoja na flusitosini na flukonazoli siku 14. Jingine lilipata amfoterisini ya kawaida siku saba kama ilivyokuwa mwongozo wa wakati huo. Vifo ndani ya wiki 10: asilimia 24.8 kwa dozi moja, asilimia 28.7 kwa siku saba. Kitakwimu dozi moja haikuwa duni, na madhara makubwa, hasa ya upungufu wa damu, yalipungua. WHO wakaipitisha mwaka huo huo.

Kwa vitendo, mgonjwa wa kilo 50: 500 mg, ambazo kwa vichupa vya 50 mg ni vichupa kumi. Changanya na dekstrozi 5%, usitumie salaini maana dawa inaganda. Flusitosini 25 mg kwa kilo mara nne kwa siku. Flukonazoli 1200 mg kwa siku, zote mbili siku 14. Kisha flukonazoli 800 mg hadi wiki ya 10, halafu 200 mg. ARV zisubiri wiki 4 hadi 6. Usimpe steroidi: utafiti wa CryptoDex wa 2016, ulioshirikisha Uganda na Malawi pamoja na nchi za Asia, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu deksamethasoni ilikuwa inaleta madhara.

Na jambo ambalo halina dawa: toa maji ya uti wa mgongo. Akiumwa kichwa sana, akianza kuona mbili mbili, choma tena leo, na kesho tena. Ndugu wengi wanaamini kuchomwa mgongo ndiko kunakoua. Kaa nao uwaeleze kabla hujashika sindano, maana wakishakataa mara moja ni vigumu kuwarudisha.

#8 Mfamasia Mkoani

Kwenye flusitosini niseme kama mtu wa stoo. Mkikaa kimya hamuandiki, sisi hatuna takwimu za kuagizia. Andikeni kwenye faili na kwenye fomu hata kama mnajua haipo. Dawa isiyoandikwa na mtu inaonekana kwenye mfumo kama haihitajiki.

Swali langu dokta: dapagliflozini, dawa ya kisukari inayotumika pia kwa moyo. Maduka ya nje wanaiuza, wagonjwa wa moyo wanakuja na vyeti. Waafrika walikuwa wachache kwenye utafiti wake. Kwa hoja yako ya mwanzo, tuikatae?

#9 Daktari wa Wodi

Swali zuri na nimelisubiri, kwa sababu hoja yangu haisemi kila kilichotafitiwa nje tukitupe. DAPA-HF ya 2019 ilikuwa na wagonjwa 4,744 wenye moyo uliochoka kusukuma. Waliozidiwa na moyo au kufa kwa sababu ya moyo walikuwa asilimia 16.3 kwa dapagliflozini na 21.2 kwa kidonge kisicho na dawa. Faida ilionekana kwa wenye kisukari na wasio na kisukari. Baadaye zikaja tafiti za moyo unaosukuma vizuri lakini umekakamaa, na za figo, zote zikielekea upande ule ule. Matokeo yanapojirudia kwenye magonjwa tofauti namna hiyo, uchache wa Waafrika haunizuii. Uliza kilekile: je, kuna kitu kwa mgonjwa wangu kinachobadili hesabu? Kwa warfarini kilikuwepo, valvu. Kwa sepsis kilikuwepo. Hapa sikioni.

Dozi ni moja, 10 mg asubuhi, haihitaji kupandishwa. Haishushi presha sana, haipandishi potasiamu. Niliyo makini nayo ni matatu. Fangasi sehemu za siri, mwambie mapema asione aibu kurudi. Mgonjwa wa kisukari asiyekula, anayetapika au anayekwenda kupasuliwa, asimamishe dawa, anaweza kupata ketoasidosisi (damu kujaa asidi) huku sukari ikisoma 11 tu na nyie mkadhani yuko salama. La tatu ni Ramadhani: anayefunga huku anameza furosemidi na dapagliflozini, kaeni naye kabla ya mwezi kuandama mpange dozi na maji ya kunywa baada ya kufuturu, na kama moyo wake bado haujatulia mshaurini asifunge.

Ila mfamasia, kabla mgonjwa hajatoa hela ya dapagliflozini, angalia cheti chake kama ana spironolaktoni na beta bloka. STRONG-HF, 2022, ulihusisha hospitali za Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini pamoja na nchi nyingine. Waliolazwa kwa moyo walipandishiwa dawa zile zile za kawaida hadi dozi kamili ndani ya wiki mbili za kutoka wodini, wakionwa mara kwa mara. Waliorudi wodini kwa moyo au kufa ndani ya siku 180 walikuwa asilimia 15.2, wakati waliofuatwa kwa mwendo wa kawaida ni 23.3. Wagonjwa wetu wanakaa na karvediloli 3.125 mg miaka miwili kwa sababu hakuna aliyeipandisha. Hiyo haihitaji dawa mpya hata moja.

#10 Daktari wa Pwani

Salaam kutoka Mombasa. Mada imenigusa, niongeze ya huku kwetu Kenya. Swali la steroidi kwa nimonia ya watu wazima limekuwa likizunguka miaka mingi. Wafaransa walitoa CAPE COD mwaka 2023, wagonjwa wa ICU wenye nimonia kali, haidrokotisoni ikapunguza vifo kutoka asilimia 11.9 hadi 6.2. Tukabaki tukiulizana: kwetu ambako ICU ni vitanda vichache, na TB imejaa, inafaa?

Mwaka 2025 likatoka jibu la nyumbani. Watafiti wa KEMRI-Wellcome waliendesha utafiti kwenye hospitali 18 za umma Kenya, wagonjwa 2,180, wodi za kawaida. Nusu waliongezewa steroidi dozi ndogo siku 10. Vifo kufikia siku ya 30: asilimia 26.0 kwa waliotibiwa kawaida, 22.6 kwa waliopata steroidi. Tofauti si kubwa kama ya Ufaransa, lakini dawa ni ya shilingi chache na iko kila hospitali ya kaunti.

Angalieni pia namba ya kwanza: mmoja katika kila wanne anakufa kwa nimonia wodini. Nimeisoma mara kadhaa na bado inaniuma. Oksijeni na kuchelewa kufika hospitali viko ndani ya namba hiyo.

#11 Daktari wa Wodi

Ahsante sana daktari. Kwa wenzangu wa bara: kabla ya steroidi tuma makohozi GeneXpert (kipimo cha TB), pima VVU na sukari. Kwa mwenye VVU mwenye kichwa kinachouma, pima antijeni ya kriptokokasi kwanza, kwa sababu ile niliyoitaja post #7. Steroidi hiyo hiyo inamsaidia wa kitanda namba 4 na kumdhuru wa kitanda namba 5.

#12 Mtu wa Maabara

Madaktari mtusikilize na sisi. Mnaagiza HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) kwa kila mtu, na Kanda ya Ziwa wenye vinasaba vya sikoseli nusu, wale wasioumwa, ni wengi sana. Kwa watu hao HbA1c inaweza kusoma chini kuliko sukari yao ilivyo. Mwenye upungufu wa damu wa madini ya chuma naye inaweza kusoma juu. HbA1c ikipingana na sukari ya asubuhi ya mgonjwa, ifuateni sukari.

Halafu kreatinini, taka ya misuli tunayoipima kwenye damu kukadiria kazi ya figo. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini, watu zaidi ya 2,500, waliopimwa uchujaji wa figo wenyewe moja kwa moja. Fomula za kreatinini zilionyesha figo nzima kuliko zilivyo. Mtu aliyekonda misuli ni midogo, kreatinini inatoka kidogo, sisi tunaandika uchujaji 95, daktari anaona figo ni nzuri. Na kile kipengele cha fomula cha kuzidisha kwa sababu mgonjwa ni mweusi kilishaondolewa tangu 2021, kama mashine yenu bado inakizidisha tuambieni tuizime.

#13 Tabibu wa Zamu

Hii ya kreatinini sikuwahi kuambiwa. Kwa hiyo mgonjwa aliyekonda wa VVU anayetumia tenofoviri, ARV inayoweza kudhuru figo?

#14 Mtu wa Maabara

Huyo huyo. Angalia mkojo pia, protini. Na linganisha kreatinini yake ya leo na ya mwaka jana, ikipanda kutoka 60 hadi 100 bado itasoma "kawaida" kwenye karatasi lakini figo imepoteza sehemu kubwa.

#15 Intan Mwaka Huu

Dokta samahani kwa kuuliza tena. Nina mama wa miaka 29, valvu ya mitrali imebana, AF, yuko kwenye warfarini, INR ilikuwa 2.4. Amegundulika na TB, ameanza dawa wiki mbili zilizopita. INR ya leo ni 1.2 na anasema anameza kama kawaida. Nimpandishie tu?

#16 Daktari wa Wodi

Anasema kweli, usimgombeze. Rifampisini, moja ya dawa zake za TB, inaongeza kasi ya ini kuivunja warfarini. Ndiyo, mpandishie, hatua kwa hatua, kama asilimia 20 ya dozi ya wiki kila mara, INR kila wiki. Usishangae ukifika mara mbili ya dozi ya zamani au zaidi. Wakati ambapo iko 1.2 zungumza na bosi wako kuhusu heparini ya chini ya ngozi, hasa kama eko ilionyesha bonge la damu kwenye chumba cha juu cha moyo. Na usihamie rivaroksabani ukidhani utakwepa, rifampisini inaishusha nayo, na yeye ni mgonjwa wa INVICTUS kabisa.

Hatari kubwa iko miezi sita mbele. Akimaliza rifampisini, ini linarudi polepole kwa wiki mbili hadi nne, wakati yeye bado anameza dozi kubwa. Mpangie leo INR za wiki ya kwanza, ya pili na ya nne baada ya tarehe ya kumaliza TB, na umweleze dalili za damu kuzidi kuwa nyepesi.

Kitu kingine, muulize njia ya uzazi wa mpango. Kama ana kijiti, rifampisini inakidhoofisha, na ujauzito juu ya warfarini unaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Sindano ya miezi mitatu haiathiriwi sana. Mpeleke kwa Mama Kliniki leo hii, kabla hajatoka wodini.

#17 Mama Kliniki

Mlete. Niko hadi saa tisa na nusu.